Wanja wa Manga

Mumias, 14 Januari 2025

Mwanangu Farhana,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, ila baridi ya alfajiri imemshika mume wangu magotini, sasa Mzee Abudu anaswali akiwa ameketi. Mimi ni masikio. La kulia limekufa kabisa, la kushoto linasikia mlango ukibamizwa tu. Aliye mbele yangu namsoma midomo, lakini simu haina midomo. Kwa hiyo acha kupiga simu, mama. Ulipopiga mara ya mwisho nilikuwa naitikia "ndiyo, ndiyo" bila kujua unaniambia nini, na ulipokata nikabaki nimeishika ile simu ya kuazima kama mjinga. Namshukuru Mungu macho bado mazima na mkono haujasahau kalamu. Tuandikiane, kama nilivyokuwa nikiandikiana na marehemu baba yako. Barua zitapita kwa Emérence, yule Mkongo wa vitenge, maana huja soko la hapa na kurudi Kampala. Hana siku maalum. Akikawia tuvumilie.

Mzigo wako nimempa yeye. Karanga ni za shambani kwetu. Gauni la Raisa nimelishona kubwa makusudi ili alikulie. Kile kichupa kilichofungwa uzi mwekundu ni wanja. Jiwe nimelipata zuri mara hii, kama lile la mwaka aliozaliwa Raisa: zito, na ukilivunja linang'aa ndani kama kioo. Mwenye duka aliapa kuwa ni wanja wa manga wenyewe, wa Uarabuni. Nimelitwanga, nikalisaga, nikalichuja kwa kitambaa cha hariri mpaka mng'aro wote ukaisha ukabaki weusi mtupu.

Sasa neno lililonikalisha hapa. Mumeo Rafiq alipopita kwetu Desemba aliniambia Raisa anaingia mwaka wa tatu na hata "mama" hasemi, na kwamba yale maneno machache aliyokuwa nayo ameyaacha. Analia tumbo, chakula hataki. Sikupenda kabisa. Mtoto mzuri vile, na macho ya watu ni mengi. Mpake wanja asubuhi na jioni, usione uvivu. Siku ya saba tangu azaliwe nilimpaka kwa mkono wangu, machoni na kitovuni, na kitovu kikadondoka kikavu. Hata wewe nilikupaka sikukuu zote ulipokuwa ukija kwangu, na tazama ulivyosoma.

Niandikie haraka. Mbusu mdomoni, huenda ukafunguka.

Shangazi yako,
Hajara

*

Kamwokya, Kampala
21 Februari 2025

Shikamoo Shangazi,

Na Mzee Abudu mfikishie shikamoo yake, na pole ya magoti. Karanga zimefika, gauni limefika. Rafiq yuko Ggaba ziwani kutwa na duka lake la nyavu, ila wavuvi hawanunui kama zamani, anarudi jioni amenuna. Mimi niko kwenye maabara ileile ya kupima mawe ya wachimbaji. Huku mtaro wa nyuma umeziba tena, na jirani yetu wa muziki ameongeza spika mbili. Ungekuwa hapa ungeyashukuru hayo masikio.

Nimechelewa kujibu kwa sababu Raisa alishikwa na degedege. Ilikuwa Jumapili mchana, nilikuwa namvua viatu. Macho yakageuka, mwili ukakaza kama ubao. Rafiq alimbeba kwenye boda mpaka hospitali ya Mulago, mimi nyuma nimeshika miguu yake. Daktari aliyempokea ni mwanamke mtulivu, Dokta Lamwaka. Baba yake alikuwa askari, kwa hiyo anazungumza Kiswahili nasi.

"Mama, mtoto anakula udongo?" akaniuliza.

"Hapana."

"Anabandua rangi kwa ukuta, anakula?"

"Hapana, Dokta. Kwa nini?"

"Damu yake iko kidogo sana, na hii kutetemeka si malaria. Nataka kupima kitu ingine. Damu itatumwa nje. Mtangoja."

Tumerudi nyumbani, tunangoja. Anakaa pale mlangoni akitazama kuku wa jirani. Ukimwita hageuki.

Nina ombi, Shangazi. Wanja usitume tena kwa sasa, tulionao unatosha. Na uniandikie jiwe ulilinunua duka gani, na akina mama gani huko Mumias wanachukua wanja kwako. Usiniulize sababu, nitakueleza.

Mwanao,
Farhana

*

Mumias, 12 Machi 2025

Farhana,

Wa alaykum salaam. Ramadhani imetukuta wazima. Mzee Abudu anafunga ijapokuwa nimemkataza. Joto ni kali, miwa imekauka, na maji tunayafuata mbali.

Habari ya degedege imenitoa chozi. Mtoto amepona? Hukuandika kama amepona. Uliandika anatazama kuku.

Kuhusu wanja sikukuelewa. Tangu lini mimi nikaambiwa "usitume"? Unataka majina ya wanaochukua kwangu kama polisi. Wanaochukua ni kila aliyezaa mtaa huu, ndiyo jibu. Kama wewe na wasomi wenzako mmeuona ni uchafu, sema, sitakasirika. Nitakasirika, lakini sema. Jiwe nililinunua kwa yule mwenye duka la ubani karibu na msikiti, na nimebakiwa na kipande kikubwa.

Jirani yangu Nabangala amejifungua mtoto wa kiume, Jumatatu. Mkristo yule, lakini alinijia mwenyewe akaniambia, "Mama Hajara, wewe ndiye bibi wa huyu." Nimempaka mtoto machoni na kitovuni, na nitampaka kila siku mpaka kitovu kidondoke.

Nimekutumia kichupa kingine. Kama hukitaki, mpe mwenye kukitaka.

Hajara

*

Kamwokya, 19 Machi 2025

Shangazi yangu,

Nakuamkia, na Mzee Abudu namwamkia. Mungu azipokee saumu zenu. Barua hii nimempelekea Emérence mwenyewe alipokuwa akipanda basi, nikamsihi asiilaze. Isome ukiwa umeketi.

Lakini kwanza nenda kwa Nabangala. Mwoshe mtoto macho na kitovu kwa maji na sabuni, mtoe wanja wote, na asipakwe tena. Kisha urudi usome yaliyobaki.

Majibu ya damu ya Raisa yamekuja. Ina risasi. Sisemi risasi ya bunduki. Nasema yale madini yenyewe, yanayowekwa kwenye betri za magari. Dokta Lamwaka alinionyesha karatasi akasema, "Hii kitu iko kwa nyumba yenu. Enda utafute, la sivyo dawa yangu itakuwa kazi bure."

Nilitafuta. Nikakwangua rangi ya dirisha, nikachota udongo wa ua, nikachukua sufuria na ile doli ya plastiki. Kichupa chako nilikiacha mwisho. Nikwambie kweli: nilikuwa nakishuku tangu Februari. Uliandika jiwe ni zito na likivunjwa linang'aa ndani kama kioo. Kazi yangu ni mawe, Shangazi. Jiwe la namna hiyo nimeliona mezani kwetu mara nyingi, na najua jina lake. Ndiyo maana nilikukataza bila kueleza. Lakini kukipima sikuthubutu. Niliacha kumpaka tu, nikakiweka kwenye mkoba, nikawa naenda nacho kazini na kurudi nacho.

Kazini tuna chombo kama bunduki fupi. Anayekitumia ni Travis, Mkenya, tunakaa meza moja. Nilimwekea unga kidogo wa wanja kwenye kikombe.

"Leo tunapima vipodozi?" akacheka.

"Pima tu, Travis."

Akakielekeza, tukangoja. Kwenye kioo kikaota kilima chembamba, kisha cha pili kando yake. Akaacha kucheka.

"Hiki cha kwanza kinaweza kukudanganya," akasema, "sumu ya aseniki nayo husimama hapohapo. Lakini ukiona na hiki cha pili, hiyo ni risasi. Na imejaa. Hii ni sampuli ya mgodi gani?"

"Ni ya nyumbani kwangu. Nilikuwa nampaka mtoto."

Alikizima chombo, akakaa akitazama mikono yake.

Najua utasema chombo kimekosea, kwa hiyo nikueleze kinavyojua. Kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo sana, atomi. Ndani ya atomi kuna vitu vidogo zaidi, elektroni, vinavyokaa kwa ngazi, moja juu ya nyingine. Elektroni haiwezi kukaa katikati ya ngazi mbili. Ukiipa nguvu ya kutosha inaruka juu. Ikishuka, nguvu ile inatoka kama mwanga, punje moja ya mwanga tunayoiita fotoni, na nguvu ya punje hiyo ni sawasawa na urefu ilioshuka. Jambo hili umeliona jikoni kwako. Maji ya wali yenye chumvi yakifurika, moto unageuka manjano. Manjano ile si ya moto. Ni ya sodiamu iliyomo kwenye chumvi: joto limezirusha elektroni zake juu, zinashuka, na kila zikishuka ni manjano ileile, hapa na kwenu na Uchina. Chombo chetu kinafanya hivyo kwa nguvu zaidi. Kinapiga mionzi, kinaing'oa elektroni ya ngazi za ndani, na ya ngazi ya juu inashuka kuziba pengo. Mwanga unaotoka hapo macho hayauoni, ila chombo kinaupima. Risasi ina ngazi zake, zenye urefu wake, tangu dunia iumbwe. Hakuna madini mengine yanayozipata zote. Haisingiziwi.

Mtu mzima anaweza kupaka miaka na asijue. Mtoto anajifikicha macho, kisha analamba vidole. Kitovu kibichi ni kidonda, kinapokea kila kitu.

Sisemi umetenda ubaya. Wewe ulimpaka mwanzo kwa mapenzi. Baada ya hapo ni mimi, asubuhi na jioni, nilikuwa namshika kidevu nampaka, naye ananyamaza kwa sababu ananiamini.

Nenda kwa Nabangala.

Farhana

*

Kamwokya, 4 Mei 2025

Shikamoo Shangazi,

Emérence anasema barua alikukabidhi mkononi, akakuona ukiifungua. Idi imepita, mwezi wa pili huu unakwenda. Mzee Abudu hajambo? Mtoto wa Nabangala je?

Raisa ameanza dawa. Tunalala Mulago siku kadhaa, tunarudi, tunalala tena. Rafiq amefunga duka la Ggaba kwa muda. Hanilaumu. Huwa anasimama mbele ya kabati ya vyombo vyangu vya kujipamba, anaitazama, kisha anatoka.

Niandikie hata kama ni kunitukana.

Farhana

*

Mumias, 9 Juni 2025

Mwanangu Farhana,

Assalaam alaykum. Idi ya kuchinja tumeila juzi, tulichinja mbuzi tukagawa. Mzee Abudu anatembea kwa fimbo. Mvua zilikuja, mahindi yamekubali. Emérence amelala hapa kwangu, nimemwambia asiondoke kabla sijamaliza kuandika.

Sitakutukana. Nilikaa kimya kwa sababu ya hasira, kisha hasira ikaondoka na kuniachia kitu ambacho sikujua nikiite nini. Uliandika "risasi". Ukaeleza ni madini. Nilikuelewa, lakini siku ile sikuona madini. Nilijiona nimemlenga Raisa nikafyatua.

Sikukuamini mara moja. Nilimpelekea Mzee Abudu barua, akasoma, akasema wanja ni sunna. Tukaenda kwa imamu. Imamu akaisoma polepole, akatuandikia kwenye karatasi kwa ajili ya masikio yangu: "Wanja ni sunna. Jiwe lenye sumu si wanja, hata mwenye duka akiliita hivyo. Kumdhuru mtoto hakuna aliyekuamrisha." Mzee Abudu alirudi nyumbani akachukua jembe. Kile kipande kilichobaki tumekifukia ndani ya shimo refu, naye ndiye aliyechimba, na magoti yale.

Kwa Nabangala nilikwenda siku ileile nilipopata barua, kama ulivyoniambia, kabla ya kumaliza kuisoma. Nilimwosha mtoto. Aliponiuliza kuna nini, nilimwambia nimeona macho yanamwasha. Ukweli nilimwambia baadaye, baada ya imamu. Midomo ya Nabangala nimeizoea, akisema najua anachosema. Alimvuta mtoto kifuani.

"Ulimpaka mwanangu sumu?"

"Sikujua, Nabangala."

"Sasa umejua. Nifanye nini?"

Alifunga mlango, na mlango ule niliusikia. Nimekwenda nyumba nyingine pia. Baadhi wamenishukuru. Wengine wanadhani nimezeeka, akili imelegea. Mwenye duka bado anauza jiwe lile; anasema wanaonunua wanajua wenyewe wanachonunua.

Sasa nataka kukuuliza, na usinizunguke.

Mwanangu Uthman unamjua kwa picha tu, wewe ulikuwa hujazaliwa. Alizaliwa hapa, mtoto wangu wa pekee, na wanja nilimpaka tangu siku ya saba, wa jiwe, ulioachwa na mama yake Mzee Abudu. Alikuwa mzito wa kusema. Alikuwa akilia tumbo. Mwalimu wa chuo cha Kurani alisema hashiki herufi, nami nikampiga kwa hilo. Alipofika miaka saba alishikwa na degedege, ikamshika tena, na ya tatu ikamchukua. Watu walisema mengi. Mimi niliamini ni kijicho, nikalaani watu ambao sikuwajua.

Wiki ile alipougua lilimtoka jino la mbele. Watoto hulitupa juu ya paa, unajua. Yeye hakuwa na nguvu ya kusimama, akaniambia, "Niwekee, nikipona nitatupa mwenyewe." Nililiweka. Limekaa kwenye sanduku la hati za shamba, wanja haujawahi kuingia humo. Nimeuliza mwalimu wa sayansi wa hapa, akaniambia ukitaka kujua kama mtu aliishi na risasi mwilini, pima meno, huitunza.

Nimelifunga humu ndani ya kitambaa. Lipime. Mimi nataka kujua tu.

Raisa mbusu miguu yake yote miwili, useme ni mimi.

Shangazi yako,
Hajara

*

Kamwokya, 17 Agosti 2025

Shikamoo Shangazi yangu,

Barua yako ilinifikia salama na kila kilichokuwamo. Samahani nimekawia. Huku mvua za Agosti zimekuja kwa fujo mwaka huu, mtaro ulifurika mpaka ndani, tukawa tunatoa maji kwa mabeseni, na jirani wa muziki amepoteza zile spika zake. Nilimwonea huruma. Rafiq amefungua tena duka Ggaba. Juzi alileta sangara mkubwa, tukala na majirani, na akacheka kidogo. Nilikuwa nimesahau anavyocheka.

Raisa anaendelea na dawa. Ni dawa inayoikamata risasi kwenye damu na kuitoa kwa mkojo. Kiasi kinashuka kila wanapopima, lakini wakiisimamisha dawa kinapanda tena kidogo, kwa sababu risasi hujificha kwenye mifupa na hutoka polepole. Degedege haijarudi. Ameanza kula. Amesema "maji." Nilimwuliza Dokta Lamwaka kama maneno mengine yatakuja.

"Yatakuja," akasema.

"Yote?"

Akafunga faili. "Mama, mimi naweza kutoa risasi. Yale imeharibu, siwezi kuahidi."

Kuhusu mtoto wa Nabangala, nimepata hospitali moja Kisumu inayochukua damu ya kupima risasi. Nimemwandikia Nabangala barua yake mwenyewe, imo humu, tafadhali ipitishe chini ya mlango. Rafiq atavuka mpaka mwishoni mwa mwezi, awasindikize. Mwambie Nabangala mtoto alipakwa siku chache tu, na kwamba mtoto akiwahiwa ni tofauti kabisa na aliyechelewa.

Travis anakusalimu. Amehamishwa kitengo, sasa mimi ndiye ninayeshika kile chombo. Wakubwa wameniruhusu kupima vitu vya watu siku za Jumamosi. Akina mama wa Kamwokya wananiletea wanja, sufuria, poda. Wengi wanja wao ni wa masizi tu, hauna neno. Wachache si hivyo. Nikiwaambia, wananitazama kama ulivyonitazama wewe, nadhani, ulipokuwa unaisoma barua yangu.

Nimekushonea leso, rangi ya kunde, ulivyopenda. Mzee Abudu nimemtumia dawa ya kuchua magoti. Jino nalirudisha, liko kwenye pamba, ndani ya kopo dogo.

Kula vizuri, Shangazi. Lala mapema. Uliniomba nisikuzunguke. Nakupenda sana.

Mwanao,
Farhana

*

Mumias, 5 Oktoba 2025

Mwanangu Farhana,

Assalaam alaykum, na Mungu akufariji. Leso imenikaa, nimeivaa msikitini. Dawa ya magoti inanuka lakini Mzee Abudu anaisifu. Rafiq alikuja kama ulivyoahidi, mwungwana yule. Alikaa na Nabangala nje, akamweleza kila kitu cha Raisa bila kuficha, na kesho yake wakaenda Kisumu. Damu ya mtoto imeonekana na risasi, kidogo. Wamesema itashuka yenyewe akiachwa bila wanja, na watampima tena. Nabangala bado hanisalimu. Lakini jana alipita na mtoto mgongoni, akasimama mbele ya kibaraza changu, akageuka kidogo ili nimwone. Kisha akaenda zake. Sidai zaidi ya hapo.

Barua yako nimeisoma mpaka naijua. Umeniandikia mvua, mtaro, spika za jirani, samaki. Umeandika risasi hujificha kwenye mifupa, na baada ya neno "mifupa" kuna neno umelikata kwa kalamu mara nyingi mpaka karatasi imetoboka. Mwanangu, kama chombo kisingeonyesha kitu kwenye lile jino, ungeniandikia hilo mstari wa kwanza, kabla hata ya kunisalimu.

Kwa hiyo usiniandikie. Nimekwisha kujua, na sikulaumu kwa kukosa mkono wa kuandika. Mimi nimelima, nimezika, nimeshona sanda, lakini neno hilo moja nami nisingeweza kumwandikia mtu ninayempenda.

Ninachokumbuka zaidi si degedege. Ni herufi. Uthman alikuwa anakaa na ubao wake anaitazama alifu, na mimi nimesimama juu yake na fimbo, nikidhani ananifanyia kiburi.

Endelea na Jumamosi zako. Wakikutazama vibaya, vumilia, uwaambie tena.

Desemba njoo na Raisa. Usimtie chochote usoni, hata poda. Nimemwona tangu azaliwe macho yake yakiwa yamezungushiwa weusi, na nusu yake ni mkono wangu. Nataka nimwone alivyo. Kama hatasema, hatasema. Sote wawili hatutasikiana, tutakaa tu.

Jino nilimwonyesha Mzee Abudu. Miaka yote hii hakujua kama ninalo. Alilishika kwenye kiganja, akaleta uso karibu. Sikumwambia lilikwenda Kampala kufanya nini. Asubuhi tulikwenda makaburini, tukachimba kidogo upande wa kichwa, tukalifukia. Wakati wa kurudi alisimama kupumzisha magoti, akaniona nimeshika barua yako. Akageuza uso kwangu ili nimsome midomo.

"Farhana anasemaje?"

"Anatusalimu," nikamwambia.

Shangazi yako,
Hajara